Herufi Mahali Pake: Lebo kwenye Grafu za Volkano na za Ziwa Kivu

 

Mhadhara huu unahusu maandishi yanayowekwa juu ya grafu za kisayansi: herufi a, b, c za pembeni, majina ya vituo, tarehe za matukio, vipimo. Kusudi lake ni kuonyesha kwamba mahali pa maandishi hayo ni sehemu ya kipimo chenyewe, na kwamba katika mji kama Goma, ambao data zake huingia usiku na mchana, mahali hapo paamuliwe na msimbo wa kompyuta badala ya kukisiwa kwa jicho na kuburutwa kwa mkono. Hoja ni nne. Ya pili ni ndefu kupita zote, kwa kuwa hapo ndipo vijana wengi wanaoanza hukwama.

Grafu yenye paneli nyingi ni picha moja iliyobeba grafu kadhaa, zimepangwa kwa safu, aghalabu zikitumia mhimili mmoja wa wakati au wa kina. Maandishi yote yaliyo juu yake hapa yataitwa lebo.

1. Paneli zimeuzidi mkono

Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, umeshusha lava mara tatu katika umri wa watu walio hai: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kutumbukia ziwani. Wakati ule Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma, ambacho wengi hukijua kwa herufi zake za Kifaransa, OVG, kilitegemea vipimatetemeko vya mahali pawili: Bulengo, ufukweni magharibi mwa mji, na Katale, upande wa Rutshuru. Mistari miwili. Fundi aliweza kuandika jina la kila mstari kwa kalamu wala asikosee.

Siku hizo zimepita. Kuanzia mwaka 2012 OVG, pamoja na Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, na taasisi za Luxembourg, ilianza kujenga mtandao wa vipimatetemeko uitwao KivuSNet. Vituo vikafika zaidi ya kumi, vikituma mitetemo bila kupumzika. Ongeza hapo vipokezi vya GPS vinavyoonyesha ardhi inavyojongea, picha za rada za setilaiti na vipimo vya gesi ya salfa. Picha ya siku moja tu inaweza kuwa na paneli kumi na mbili, na kesho inahitajika nyingine.

Fikirini mtu anayefungua programu ya kuchorea, anaandika "Katale", anaiburuta kwa puku hadi kwenye mstari wa tatu, kisha "Bulengo" kwenye wa nne. Siku ya kumi kituo kimoja kimezimika kwa betri kuisha. Mistari inapanda ngazi moja, majina yanabaki yalipokuwa. Sasa mitetemo ya Bulengo inasomwa chini ya jina la Katale, nao ni mahali pawili palipo pande tofauti za volkano. Anayesoma ataamini kwamba msukosuko umehamia kaskazini, kumbe uko upande wa ziwa, upande wa watu.

Dawa ipo, tena nyepesi. Faili za mitetemo za muundo wa miniSEED hubeba ndani yake kifupisho cha kituo kilichozipeleka. ObsPy, maktaba ya msimbo wa lugha ya Python ya wanasayansi wa mitetemeko iliyotangazwa mwaka 2010, husoma kifupisho hicho pamoja na mstari wenyewe. Msimbo ukiagizwa uandike jina kutoka kwenye faili ileile iliyotoa mstari, jina na mstari haviwezi kuachana. Kituo kikizimika, vinatoweka pamoja.

2. Kila lebo ina nanga yake

Maktaba ya Matplotlib, ambayo leo huchora sehemu kubwa ya grafu za sayansi duniani, ilianzishwa na John D. Hunter, mtafiti wa ubongo wa Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2003. Hunter alikuwa akichunguza mikondo ya umeme katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa: mistari mingi ya mawimbi, mmoja juu ya mwingine, yote juu ya mhimili mmoja wa wakati. Aliyewahi kuona mitetemo ya vituo vya Virunga imepangwa kwenye kioo cha kompyuta ataelewa mara moja kwa nini chombo chake kinatufaa. Alifariki mwaka 2012, nacho kinaendelea kutunzwa na watu wa kujitolea.

Katika Matplotlib, kila lebo hupewa nambari mbili za mahali, moja ya kwenda kulia, nyingine ya kwenda juu. Swali ambalo wanafunzi hulisahau ni hili: nambari hizo zinahesabiwa kutoka wapi? Zinaweza kuhesabiwa kwa data, yaani kwa tarehe na vipimo vilivyomo. Zinaweza kuhesabiwa kwa paneli, ambapo 0 ni ukingo mmoja na 1 ni ukingo wa pili. Au kwa ukurasa mzima wa picha. Huko zinakohesabiwa ndiko lebo ilikotia nanga, na usipochagua, programu itakuchagulia data.

Hilo huleta maafa madogo kila wiki. Tuseme paneli inaonyesha idadi ya mitetemeko kwa siku, na siku za kawaida haizidi ishirini. Mwanafunzi anaweka herufi a kwenye kimo cha 18, inakaa vizuri juu kushoto. Mlima unaamka, idadi inafika mia tatu, mhimili unajinyoosha wenyewe kuipokea, na ile herufi inazama chini hadi inakanyaga mstari wa data. Kinyume chake pia hutokea: mhimili ukisinyaa, herufi inaruka nje ya paneli yake na kuangukia ya juu, kwa kuwa Matplotlib kwa kawaida haikati maandishi yanayovuka ukingo. Paneli moja inabaki na herufi mbili, nyingine haina hata moja. Na haya yote hutokea siku ileile ambayo picha inahitajika kuliko siku zote.

Herufi ya paneli haina uhusiano wowote na kimo cha 18. Ni mali ya paneli. Basi itie nanga kwenye paneli:

paneli.text(0.02, 0.95, "a", transform=paneli.transAxes)

Neno la mwisho katika mstari huo ndilo lenye kazi. Linasema: hesabu kwa sehemu za paneli, wala usiangalie data.

Ziwa Kivu linafundisha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote wa kitabuni. Ziwa letu lina kina cha mita 485 hivi, na wanaolipima hushusha kifaa kwa kamba na kuchora paneli nne ubavu kwa ubavu: joto, chumvi, oksijeni, gesi. Mhimili wa wima ni kina, na hugeuzwa, sifuri juu na sakafu ya ziwa chini, ili picha ifanane na maji yenyewe. Joto hushuka hadi karibu nyuzi 23 kwenye mita themanini hivi, kisha, tofauti na maziwa mengi, hupanda tena hadi takribani nyuzi 26 kule chini. Oksijeni huisha baada ya makumi machache ya mita. Huko chini zimeyeyuka kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani, na maji mazito yenye chumvi na gesi ndiyo yanayozizuia zisipande.

Mtu akiweka herufi za paneli kwa nanga ya data kabla ya kugeuza mhimili, herufi zote nne hupinduka pamoja nao na kwenda sakafuni. Akiweka kwa nanga ya paneli, mhimili unageuka na herufi hazitikisiki. Tena paneli ya gesi mara nyingi hutumia mizani ya logi. Hapo thamani ya sifuri haina mahali kabisa, na lebo iliyotiwa nanga kwenye sifuri ya data haitaonekana.

Lakini ziwa hilohilo lina lebo inayodai nanga ya pili. Karibu na mita 260 uzito wa maji hubadilika ghafla, na mpaka huo ndio unaotenga hazina kubwa ya gesi na maji ya juu. Mstari wa kuuonyesha lazima ukae mita 260 hata mhimili ukivutwa vipi, na maneno yake lazima yakae ukingoni mwa paneli hata joto likiwa ngapi. Matplotlib inaruhusu kuchanganya: wima kwa data, mlalo kwa paneli, kwa agizo la get_yaxis_transform. Pacha wake, get_xaxis_transform, hufanya kinyume, na huyo ndiye wa kutumia kwa tarehe. Lebo ya "22 Mei 2021" inakaa juu kabisa ya kila paneli, lakini haiachi siku yake. Hata ukiongeza data za mwezi mzima, inabaki pale lava ilipotoka.

Tarehe za mwaka ule zinastahili uangalifu huo. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2022, ukiongozwa na Delphine Smittarello, ulieleza kwamba mlipuko ulikuja bila zile dalili za siku nyingi zilizozoeleka, na kwamba baada ya lava kusimama, magma iliendelea kupenya kupitia ufa kuelekea kusini, chini ya mji na chini ya ziwa. Ushahidi mmojawapo ulikuwa mitetemeko iliyohama siku hadi siku. Mkimbizi wa tarehe 27 Mei, siku gavana wa kijeshi Constant Ndima alipoagiza sehemu kubwa ya Goma ihame, alikuwa akitembea kuelekea Sake kwa sababu ya mabadiliko ambayo kwenye grafu ni nukta zinazoteremka. Lebo ya tarehe 27 ikisogea milimita tatu kwenye picha ya wiki mbili, inakuwa imehamisha uamuzi huo mbele au nyuma ya mitetemeko iliyousababisha.

Bado kuna tatizo la paneli zisizolingana. Asilimia 5 ya paneli yenye kimo cha milimita 100 ni milimita 5. Asilimia 5 ya paneli yenye milimita 20 ni milimita 1, na hapo herufi imegusana na fremu. Jicho huona upesi kwamba herufi hazijapangika, hata mwenye jicho asipojua sababu. Njia nzuri ni kuanzia kwenye pembe ya paneli, kisha kusogea kwa pointi za wapiga chapa, ambazo hazibadiliki: pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, pointi tano ni karibu milimita 1.8.

for herufi, paneli in zip("abcd", paneli_zote):
    paneli.annotate(herufi, xy=(0, 1), xycoords="axes fraction",
        xytext=(5, -5), textcoords="offset points",
        ha="left", va="top", weight="bold")

Angalieni, vijana, kwamba majina herufi, paneli na paneli_zote ni ya Kiswahili. Python inayapokea bila shida, na msimbo unaosomeka na mwenzako wa darasani ni rahisi kuurekebisha usiku wa dharura. Wanaotumia GMT, programu ya ramani iliyoanzishwa na Paul Wessel na Walter Smith mwishoni mwa miaka ya 1980, wana njia fupi zaidi: toleo la sita huweka herufi za paneli lenyewe kwa agizo moja.

3. Majina yanayogombea nafasi

Mara nyingi paneli ya kwanza ni ramani, na ramani ya hapa ina ugomvi wake. Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyopakana, mpaka wa nchi ukipita kati ya nyumba. Ukiagiza programu iandike kila jina kulia kwa nukta yake, "Goma" inapanda juu ya Gisenyi.

Mchora ramani wa Uswisi, Eduard Imhof, aliandika mwaka 1962 kanuni za kupanga majina kwenye ramani, na kazi yake bado husomwa. Kanuni yake moja inatufaa sana: jina la mji wa pwani liandikwe upande wa maji. Ziwa liko kusini mwa miji yote miwili, na maji hayana mitetemeko mingi ya kufunikwa na maandishi. Kwa hiyo "Goma" iandikwe chini kushoto ya nukta yake, "Gisenyi" chini kulia. Katika msimbo, Goma hupewa ha="right" na va="top". Wengi hushtuka hapo: mbona kulia, na jina linakwenda kushoto? Ni kwa kuwa agizo linataja upande wa maandishi unaoshikwa na nukta. Ncha ya kulia ya neno ndiyo iliyofungwa, na neno lenyewe linanyooka kuelekea magharibi. Nyiragongo na volkano jirani yake, Nyamulagira, hupangwa vivyo hivyo, mmoja kulia, mwingine kushoto.

Majina yakiwa mengi, kupanga yote bila kugongana ni kazi ngumu hata kwa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walithibitisha kwamba tatizo hili ni katika yale ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora daima. Maktaba kama adjustText husogeza maneno kidogo kidogo hadi yaachane, na matokeo yake yanafaa kwa mji mmoja wenye vituo vingi. Kwa majina sita, afadhali kuamua mwenyewe na kuandika uamuzi huo kwenye msimbo, ili kesho usibadilike.

4. Saa, karatasi na simu

Vipimatetemeko na setilaiti hutunza saa za kimataifa, UTC. Goma iko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja tu. Tetemeko la saa 19:00 kwa Goma limeandikwa 17:00 kwenye faili, na waziri aliye Kinshasa anahesabu 18:00. Usiku wa manane mambo huharibika zaidi: saa 01:00 ya tarehe 23 Mei kwa Goma bado ni saa 23:00 ya tarehe 22 kwa UTC. Paneli mbili za picha moja, moja ikifuata saa za faili na nyingine saa za mashahidi waliohojiwa, zitaweka jambo lilelile kwenye tarehe mbili. Kila mhimili wa wakati uandikwe ni saa za wapi. Hakuna lebo fupi kuliko hiyo yenye manufaa zaidi kwa mji huu.

Kuhusu ukubwa wa maandishi, hesabu ni fupi. Picha ya kawaida ya Matplotlib ina upana wa inchi 6.4, yaani milimita 163 hivi, na maandishi ya pointi 10. Safu moja ya jarida la Nature ni milimita 89. Picha ikibanwa iingie humo, pointi 10 zinakuwa tano na nusu. Ni heri kuagiza upana wa milimita 89 tangu mstari wa kwanza wa msimbo. Na anayehifadhi picha kwa bbox_inches="tight" ajue kwamba agizo hilo hupunguza au kuongeza kingo, hivyo upana alioupanga haupo tena.

Kisha kuna simu. Picha ya paneli sita inapopita kutoka mkono hadi mkono, mtu hukata paneli moja inayomhusu na kuituma peke yake. Herufi d bila maelezo ya chini haimwambii mpokeaji chochote. Kwa picha zinazokwenda kwa wananchi, kila paneli ibebe ndani yake jina la kituo, kipimo na tarehe, hata kama mwanasayansi ataona ni kujirudia. Na maneno hayo yawe ya lugha inayosemwa sokoni Virunga na bandarini. Mtu wa Goma anajua mazuku ni nini, ile hewa nzito inayokaa mashimoni na kuua mbuzi na watoto. Paneli ya kabonidioksidi inayoandikwa "mazuku" karibu na kipimo chake itaeleweka na mama wa mtaa wa Himbi kabla mtaalamu hajafungua kinywa. Vilevile rangi za tahadhari, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, ziandikwe kwa jina kando ya rangi yenyewe, kwa ajili ya wasiotofautisha rangi na kwa ajili ya karatasi zilizonakiliwa kwa wino mweusi.

Kinachofuata ni kazi ya pamoja, na wanaoweza kuifanya wako ndani ya ukumbi huu. Pendekezo ni kuandaa kabrasha moja la msimbo kwa grafu tatu zinazohitajika mara nyingi: mitetemo ya vituo, hali ya kreta ya Nyiragongo, na vipimo vya kina vya Ziwa Kivu. Wanafunzi wa jiolojia walete data, wa kompyuta walete msimbo, wa lugha wakague maneno ya Kiswahili na ya Kifaransa. Kila grafu ijaribiwe kwa data za wiki tulivu na kwa data za Mei 2021, maana lebo inayokaa sawa katika hali zote mbili ndiyo ya kuaminiwa. Ichapishwe kwa milimita 89, itumwe kwa simu ya bei ndogo, ikatwe paneli moja moja, kisha isomwe na mtu ambaye hakushiriki kuichora. Kabla ya yote hayo inabidi kukubaliana juu ya vifupisho vya vituo na majina ya Kiswahili ya vipimo, na kuyaweka kwenye faili moja ambayo kila msimbo utaisoma. Orodha hiyo inaweza kuanza kuandikwa leo, baada ya maswali.